Kiangazi Dodoma kwenye kaya inayojilisha: ghala, maji, kuku, mboga kavu na watoto (uzi mrefu)

MamaKaya (mleta uzi):

Wakuu habari zenu. Humu ndani nyuzi za kurudi kijijini ni nyingi, na karibu zote zinaongelea masika: mbegu gani, ekari ngapi, mvua lini. Leo naomba tuongee kiangazi, kwa sababu huku kwetu Dodoma kiangazi ndicho kinachoamua mwaka.

Mvua zetu ni za msimu mmoja. Zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kufika Aprili zimekata. Kwa mwaka mzima tunapata milimita 550 hadi 600, tena kwa mkupuo, siku nyingine inamwaga mpaka korongo linajaa, halafu wiki tatu jua kali. Kuanzia Mei hadi Novemba watu wanakula, wanakunywa na kufuga kwa kile walichokiweka. Kaya inayofika Desemba bado ina magunia ndani, hiyo inalima shamba lake kwa wakati. Kaya ambayo Oktoba imeanza kukopa debe, mvua zikinyesha wazazi wanakwenda vibarua kulima kwa mtu ili watoto wale, na shamba lao linachelewa kupandwa. Mwaka unaofuata ni hivyo hivyo. Hapa kijijini tunazifahamu nyumba zilizonaswa kwenye mduara huo, na wengi wao ni wachapakazi kuliko mimi.

Tuko upande wa Chamwino. Kaya yetu ina watu sita: mimi, baba watoto, watoto watatu na mama mkwe wangu, ambaye ndiye mwalimu wangu wa mengi nitakayoandika. Tunalima uwele, mtama, mahindi kidogo, alizeti, karanga na kunde. Tuna mbuzi na kuku wa kienyeji. Hatuna ng'ombe.

Nianze na ghala, maana hapo ndipo wengi wanapopotelea. Mei na Juni mahindi yanashuka bei kwa sababu kila mtu anauza. Walanguzi wanakuja na gari, wanajaza lumbesa, gunia linakuwa na kichwa kama kofia, na wewe unalipwa gunia moja. Januari mtu yule yule aliyeuza anarudi kununua debe kwa bei ambayo hawezi kuitaja bila kuguna. Sisi hesabu yetu inafanyika kabla mfanyabiashara hajafika mlangoni: gunia la kilo 100 kwa kila mtu kwa mwaka, nafaka zote kwa pamoja, juu yake la wageni na misiba, juu yake mchango wa chakula cha shule, na mbegu. Kinachobaki ndicho cha kuuza. Uwele na mtama tunavihesabu kwanza kuliko mahindi, kwa sababu mahindi huku ni bahati nasibu na uwele ni uhakika.

Halafu ukavu. Mama anang'ata punje: ikipasuka kwa mlio iko tayari, ikibonyea inarudi kwenye turubai. Mimi nafanya pia kipimo cha chumvi. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, unaweka punje na chumvi kavu kidogo, unafunga, unatikisa vizuri, unaiacha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka bado ina maji, usiifunge. Ikianguka yote chini na kuta zikabaki safi, funga. Watoto wanagombania kutikisa hiyo chupa. Na tunaanika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Mwaka 2016 mkoa huu wa Dodoma na jirani zetu wa Manyara tulizika watu waliokula mahindi yenye sumukuvu. Punje zilizooza au zenye ukungu hatuwapi hata kuku. Najua kuna watu wanazisaga kwa ajili ya pombe, nawaomba waache, sumu ile haitoki kwa kuchemsha.

Tunahifadhi kwenye mifuko ya tabaka tatu. Kila tabaka unalifunga peke yake, unakamua hewa kwanza, unafunga kwa kamba ya mpira. Wadudu waliobaki ndani wanamaliza hewa na kufa. Hakuna dawa ya unga. Mifuko inakaa juu ya mbao, mbali na ukuta, na paka wetu ana kazi yake. Wazee watakumbuka dumuzi, mdudu anayetoboa punje, alipoonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakampa jina la Scania, kama lile lori. Yule hana mzaha, anaacha gunia la unga na maganda. Mifuko hii ndiyo iliyotupa usingizi.

Kitu kingine: ufunguo wa ghala unao mama mkwe. Si mimi wala baba watoto. Mtu yeyote akitaka kuuza nafaka, anakwenda kwa mama, anaeleza, mama anauliza "na Februari tutakula nini?" Tulikubaliana hivyo tukiwa wote tumekaa, na limetuondolea ugomvi ambao nauona kwenye nyumba nyingi.

Nitaendelea na maji, mboga na kuku. Kama kuna maswali ulizeni.

Kijogoo88:

Mkuu shusha nondo, nimekaa hapa mbele kabisa.

NgosaMkulima:

Dada umeongea ukweli mtupu. Huku kwetu Usukumani kiangazi tunakula michembe na matobolwa. Viazi vitamu vikivunwa, vile vya michembe unavimenya, unavikata vipande na kuvianika vibichi. Matobolwa unavichemsha kwanza ndio unakata na kuanika. Asubuhi mtoto anakula matobolwa na chai au maziwa anakwenda shule ameshiba, hujanunua mkate hata siku moja.

Na mifugo: uliza wazee wa Shinyanga kuhusu ngitili. Kila kaya inafunga kipande cha malisho masika yote, hakuna mnyama kuingia, kinafunguliwa kiangazi kikiwa kikali. Miti ilikuwa imekwisha kabisa, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 ndio watu wakarudishiwa moyo wa kuzitunza ngitili zao. Leo ukipita unaona vichaka na nyasi ndefu kati ya mashamba. Wewe mbuzi unawalisha nini Septemba?

MamaKaya:

Ngosa, asante, matobolwa nimeyala Mwanza, watoto wangu wangeyapenda.

Mbuzi wetu Septemba wanaishi kwa maganda ya mkungugu, mti wa jamii ya migunga. Miti ile inadondosha matunda yake yaliyojikunja katikati ya kiangazi hasa, wakati hakuna jani la kijani popote. Watoto wakitoka shule wanakwenda na viroba, wanaokota, tunahifadhi. Ukimpa mbuzi anayenyonyesha kibakuli jioni, unaona tofauti kwenye maziwa. Juu yake kuna mabua ya mtama na majani ya karanga tuliyoyapandisha juu ya kichanja mara baada ya kuvuna, kabla jua halijayamaliza na mifugo ya watu haijapita. Na mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta) kidogo kidogo.

Ndiyo maana mkungugu hatukati. Tena tunatumia kisiki hai: visiki vilivyobaki shambani vina mizizi mizima, kila mwaka vinachipua na kila mwaka watu wanavifyeka. Ukichagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, ukapogoa mengine, ukafunga kitambaa ili mpita njia ajue huu mti una mwenyewe, baada ya masika kadhaa una mti, hujanunua mche wala hujamwagilia. Mbinu hii ilipata sifa kule Niger, na huku Dodoma shirika la LEAD Foundation wamezunguka nayo vijijini miaka hii. Matawi tunayopogoa ndiyo kuni zetu. Mafiga matatu tuliyaacha, tumejenga jiko la udongo lenye mdomo mdogo, kuni zinazoingia ni nusu ya zile za zamani.

MtuWaMjini:

Samahani nitasema kinachonikera. Hizi habari za "kaya inayojilisha" zinapambwa sana mitandaoni. Vijana wanaacha kazi Dar wanakimbilia shamba, baada ya mwaka wanarudi wamechakaa. Mtoto akiumwa unampa uwele? Sare za shule unashona kwa maganda ya mkungugu? Tuambie fedha inatoka wapi.

MamaKaya:

Mkuu hilo ni swali la haki na nakujibu bila kuficha.

Fedha tunazihitaji, na tunazitafuta. Tunanunua chumvi, sukari, majani ya chai, sabuni, madaftari, sare, nauli, chanjo za mifugo, bima ya afya, na vocha. Ada shule za serikali, msingi hadi kidato cha nne, haipo tangu 2016, lakini sare na daftari zipo, na huyu wangu wa darasa la saba ana mtihani Septemba, mahitaji hayaishi.

Zinatoka hivi. Alizeti hatuuzi gunia, tunapeleka kukamua. Tunarudi na mafuta ya mwaka ya kupikia, ya ziada tunauza kwa lita pale kijijini, na mashudu tunarudi nayo nyumbani. Ukiuza gunia la alizeti umeuza mafuta, mashudu na faida ya mwenye mashine kwa bei moja. Pili, Agosti na Septemba kuna mavuno ya zabibu, baba watoto anakwenda kuvuna kwa wakulima wa Mpunguzi au Hombolo, wanalipwa kwa siku. Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, hili la kiangazi linaangukia wakati mashamba yetu hayana kazi. Tatu, majogoo Desemba. Nne, mama na mimi tunauza ubuyu na ukwaju. Mbuyu ulio kwenye kiwanja chetu aliukuta mama alipoolewa, na waliomtangulia waliukuta.

Kwa hiyo sisemi tumeacha kutumia pesa. Ninachosema ni kwamba pesa yetu haiendi kwenye chakula. Hapo ndipo kaya za kijijini zinapovuja damu: unalima chakula, unakiuza kwa bei ya kutupa, halafu unanunua chakula. Ukikata huo mfereji, kipato kidogo kinatosha mambo mengine. Na kijana anayetoka Dar simshauri aache kazi. Aanze na tangi la maji na kuku, kwa wazazi wake, akiwa bado ana mshahara.

MtuWaMjini:

Hapo nimekuelewa. Hoja ya kutouza chakula imeniingia, wazazi wangu Manyoni wanafanya kosa hilo hilo kila Juni, na mimi ndiye ninayetuma hela ya unga kila Januari. Endelea na maji.

MamaKaya:

Haya, maji.

Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Ukishajua hilo, hesabu nyingine ni rahisi. Bati la mita za mraba 60 kwa mvua ya milimita 550 ni lita 33,000. Toa moja ya tano kwa kumwagika, mifereji mibovu na jua, unabaki na zaidi ya lita 26,000. Kwa miaka watu wameziangalia zikichimba mfereji mbele ya mlango na kuondoka.

Kunywa na kupika kwa watu sita tunatumia madumu mawili kwa siku, lita 40. Miezi saba ya kiangazi ni lita 8,400. Maana yake tangi la lita 10,000 linakubeba kutoka Mei hadi mvua nyingine kwa maji ya kunywa na kupika, na bado lina akiba. Kufua, kuoga na kunyweshea mifugo tunachota kwenye visima vya mchanga korongoni kama kawaida, watoto wanasaidia kwa baiskeli. Lakini yale ya kunywa yako nyumbani, yamefungwa, yana kufuli. Mwanamke aliyewahi kukaa foleni ya kisima saa tisa usiku mwezi wa kumi anajua ninachozungumzia. Tulijenga kwa kununua vitu kidogo kidogo: msimu mmoja mifereji, uliofuata msingi wa mawe, kisha tangi.

Mambo mawili muhimu. Mvua ya kwanza ya msimu usiiingize tangini, iache ioshe bati, kuna vumbi la miezi saba na kinyesi cha ndege. Na tangi lifunikwe mwanga usiingie, maji yakipigwa na jua yanaota kijani. Ya watoto tunachemsha.

Maji yaliyotumika hayamwagwi ovyo. Ya kuoshea mboga na vyombo (bila sabuni nyingi) yanakwenda kwenye magunia ya mboga nyuma ya jiko. Gunia limejazwa udongo na samadi, katikati kuna nguzo ya mawe madogo kutoka chini hadi juu, ndipo maji yanapomwagwa yasambae. Mchicha na figiri zinaota juu na ubavuni kwenye matobo. Kiangazi chote tunakata mboga mbichi kidogo, si za kushiba ila zinaonekana kwenye sahani. Kuku hawafiki, hiyo ni faida kubwa.

MwanaMakueni:

Hujambo dada. Mimi niko Makueni, Ukambani, na hali yetu inafanana sana ingawa sisi tunapata mvua mara mbili, na ile tunaitegemea kweli ni ya Oktoba hadi Desemba. Huku tumejenga mabwawa ya mchanga kwenye mito. Unajenga ukuta wa zege kwa mto wa msimu, mafuriko yanaleta mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa ndani ya mchanga. Jua haliyanyonyi, mbu hawazaliani, na kiangazi unachimba kidogo tu unapata. Hivyo visima vyenu vya korongoni vingefaidika sana na ukuta kama huo. Si kazi ya boma moja lakini, ni ya kikundi. Sisi tulijiunga na majirani, kila familia inaleta mawe na siku za kazi.

Ningependa kujua vile unakausha mboga. Za kunde zetu zinabadilika rangi zinakuwa kama nyasi.

MamaKaya:

MwanaMakueni karibu sana, hilo la ukuta nitalipeleka kwenye mkutano wa kitongoji, nashukuru.

Mboga kavu ndiyo roho ya chakula cha kiangazi huku. Kinachoharibu rangi ni jua la moja kwa moja, na rangi ikienda vitamini A imekwenda nayo. Sisi majani ya kunde tunayachambua, tunayatumbukiza kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo, muda mfupi tu mpaka yanyong'onyee, tunatoa, tunachuja, tunatandaza kwenye chekecheke kivulini penye upepo, tunafunika na neti kwa ajili ya nzi na vumbi. Februari hadi Aprili kwenye mawingu yanachukua muda zaidi, usiyalundike. Yakiwa makavu yanavunjika kwa sauti ukiyakamata. Yanaingia kwenye ndoo yenye mfuniko.

Mlenda ni tofauti kidogo. Ni majani ya porini na ya shambani, mama anayajua kwa majina na kwa kunusa, mimi bado namfuata nyuma na kikapu. Yanakaushwa, yanatwangwa kwenye kinu, yanachekechwa, unabaki na unga wa kijani unaokaa mwaka mzima. Kupika ni dakika chache: maji yanachemka, unaweka unga wa mlenda, magadi kidogo, karanga zilizotwangwa, unakoroga. Unakula na ugali wa uwele. Mtu akija kwetu Oktoba, jua limekausha mpaka mijusi, anakuta mezani mlenda wa karanga na ugali, pembeni maziwa ya mbuzi. Kila kitu pale kimetoka kwenye kiwanja chetu isipokuwa chumvi na magadi.

Ubuyu nao. Unga wake mweupe tunautia kwenye uji wa watoto, una vitamini C nyingi na unaleta uchachu mzuri, sukari inapungua. Huo ni wa kiangazi kabisa, matunda yanakomaa wakati majani yameshapukutika.

BwanaMifugo:

Uzi mzuri. Niongeze la kuku kabla hujalifikia, maana nafanya kazi hii. Mdondo (kideri) unaua zaidi kiangazi, hasa kuanzia Agosti kuelekea Novemba. Ndani ya wiki moja banda linabaki tupu. Chanjo ya I-2 inastahimili joto kuliko zile za zamani, inatengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha. Tone moja kwenye jicho moja, kifaranga na jogoo dozi sawa, kila baada ya miezi mitatu. Mwache kuku apepese jicho kabla hujamwachia. Chanja wazima tu, ukisubiri waanze kusinzia umechelewa. Chupa moja ina dozi nyingi, kwa hiyo unganeni majirani mchange, mchanje kijiji kizima siku moja. Kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye anayewaletea ugonjwa.

MamaKaya:

BwanaMifugo umenirahisishia kazi, ubarikiwe. Sisi tunachanja kwa kitongoji, akina mama tumegawana nyumba. Tunachanja alfajiri kuku wakiwa bado bandani, mmoja anakamata, mwingine anadondosha, mtoto anahesabu.

Niongeze la kuatamisha. Kuku wakiachwa kila mmoja anaatamia siku yake, vifaranga wanatofautiana umri, mwewe na baridi vinawamaliza. Sisi mayai tunayaokota kila siku na kubakiza moja lililowekwa alama ya penseli. Matetea matatu au manne yakitaka kuatamia tunayawekea mayai siku moja, yakae siku 21, wanaangua pamoja. Vifaranga wote tunawapa tetea mmoja au wawili, wengine wanarudi kutaga. Juni na Julai usiku Dodoma ni baridi kweli, na upepo, kwa hiyo vifaranga wanalala ndani ya kapu lenye majani makavu, jikoni.

SalimaTanga:

Na watoto je? Mimi nina wawili, nikiwaambia wafagie uwanja ni kilio. Hawachoki na kazi zote hizo? Na kusoma wanasoma saa ngapi?

MamaKaya:

Dada Salima, hili ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Likizo ya Juni inaangukia kwenye kupura na kupepeta. Uwele unapurwa uwanjani, wanakuja binamu zao na watoto wa jirani, wanapiga kwa fimbo na kuimba, na bibi yao anaanzisha nyimbo. Mama anapepeta, upepo wa Juni unamfanyia nusu ya kazi. Mimi napika. Hawaioni kama adhabu kwa sababu wote tupo pale, hakuna aliyekaa kwenye kiti akitoa amri. Nadhani mtoto analia kufagia kwa sababu anafagia peke yake.

Shule zikifunguliwa kazi zinapungua. Asubuhi mkubwa anafungulia mbuzi, wa kati anawapa kuku maji, mdogo anaokota mayai jioni, basi. Maganda ya mkungugu ni Jumamosi. Usiku kuna taa ya sola, wa darasa la saba anasoma mezani kwanza, wadogo wanapukuchua karanga kimya, akimaliza anawasomea kwa sauti kile alichojifunza. Tangu Julai hatumpi kazi ya jioni hata moja, na wadogo zake wamepokea zamu yake bila kuambiwa mara mbili.

Oktoba joto likiwa kali mchana wote tunahamia kwenye tembe la mama. Kuta zake ni nene za udongo na paa lake la udongo, ukitoka chini ya bati ukaingia mle unahisi kama umeingia kwenye chumba kingine cha dunia. Watoto wanalala mle mchana Jumapili, na mama anawasimulia. Watu wanabomoa matembe yote kwa sababu yanaonekana ya kimaskini. La kwetu tunalikarabati kila mwaka kabla ya mvua, na likianguka nitamsihi baba watoto alijenge tena.

DadaMinnesota:

Nawasoma kutoka Marekani, Minnesota, na machozi yananilenga. Kwetu sisi huku mambo yamegeuka: kiangazi ndio msimu wa kulima, na cha kuogopa ni baridi. Baridi inaachia katikati ya Mei, mwishoni mwa Septemba inaweza kurudi. Katikati hapo jua linazama karibu saa tatu usiku. Nina kipande kwenye bustani ya jamii, napanda sukuma wiki, mchicha, maboga kwa ajili ya majani. Nachovya kwenye maji ya moto kama ulivyoeleza, lakini badala ya kukausha nagandisha. Januari nje kuna theluji hadi magotini, ndani wanangu wanakula majani ya maboga na karanga. Mume wangu ni wa Bukavu, yeye anadai sombe (kisamvu), naye nimempatia.

Mlenda wa unga unaweza kusafiri?

MamaKaya:

DadaMinnesota, unasafiri vizuri sana ukiwa umekauka sawasawa. Lakini angalia kwanza sheria za forodha za huko kuhusu mimea, usije ukanyang'anywa uwanja wa ndege. Wape watoto salamu za bibi wa Chamwino.

Kijogoo88:

Mkuu kwenye kichwa cha mazungumzo yako ya nyuma uliwahi kutaja mashimo ya Chololo. Ni nini na yanahusianaje na kiangazi? Nataka kuanza mwaka huu.

MamaKaya:

Kijogoo, hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya kiangazi na ndiyo ngumu kuliko zote. Chololo ni kijiji hapa Dodoma, mashimo yamepata jina hapo. Wengi wetu tumezoea kuberega, unakwangua majani juu juu na kupanda bila kulima. Mvua ikija kwa mkupuo inateleza juu ya ardhi ngumu inakwenda korongoni na udongo wako.

Mashimo unayachimba Septemba na Oktoba. Upana sentimita 20 na kitu, kina vivyo hivyo, shimo kwa shimo sentimita 60, mstari kwa mstari sentimita 90, ukikata mteremko. Udongo unaotoa unauweka upande wa chini kama tuta dogo, maji yakija yakwame hapo. Kila shimo linapata majani makavu au mabua kidogo na samadi, tunarudishia udongo nusu. Mchwa wanaingia kula yale majani, wanatoboa ardhi chini, maji yakija yanazama. Mvua ikipotea wiki mbili Januari, uwele wa kwenye mashimo unabaki kijani wakati wa jirani umejikunja.

Ardhi Oktoba ni ngumu, jembe linarudi. Kwa hiyo usianze na ekari nzima. Anza na robo, mchimbe alfajiri mpaka saa tatu, jua likipanda mwache. Mashimo ya mwaka huu mwakani unayatumia tena, unasafisha tu na kuongeza samadi, ndiyo maana kila kiangazi eneo letu linaongezeka. Samadi yetu ni ya mbuzi, tunaifagia kila wiki na kuifunika na majani tangu Mei, isikaushwe na jua na isiliwe na upepo. Konzi mbili kwa shimo zinatosha. Mwishoni mwa Novemba tunapanda uwele kavu, kabla ya mvua, tunafunika, tunasubiri.

NgosaMkulima:

Dada, kavu kabisa? Ndege na panya hawafukui?

MamaKaya:

Wanafukua wakipata juu juu. Panda kina cha sentimita tatu hadi nne, punje kadhaa kwa shimo, kanyaga kidogo na kisigino. Tena panda nusu ya shamba tu kavu, nusu nyingine subiri mvua ya kwanza ya kweli. Mbegu nyingine iko kwenye kibuyu juu ya jiko, imekula moshi kiangazi chote, fukusi haisogelei.